Kidonge Kisichoyeyuka

Hata mkewe alipokuwa hai, Diriye hakuwa mtu wa maneno. Abshiro ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili: na majirani, na wachuuzi wa maziwa, na watu wa serikali waliofika mtaani kwao Waberi kuuliza hili na lile. Alipofariki, mwaka ule wa mafuriko, nyumba ikabaki na mtu asiyejua hata pa kuanzia kumjibu mgeni. Watu walisema mzee amekuwa mkali. Kumbe alikuwa amekosa tu wa kumsemea.

Jambo moja lilimkaa rohoni kuliko maziko yenyewe. Homa ilipoingia, vijana waliovaa glovu walikuja na vichupa. Walimtoa Abshiro damu, wakawatoa na ng'ombe, wakapanda helikopta maana barabara ilikuwa imekatika. Majibu yatakuja, walisema. Abshiro alikufa bila kuyaona. Ng'ombe nao walitupa mimba, wakalala chini mmoja baada ya mwingine. Tangu siku hizo Diriye akimwona mgeni amebeba kisanduku, alijua kuna kitu kinakwenda kuchukuliwa.

Kwa hiyo mwaka 1999, wanafunzi wa chuo cha mifugo walipoteremka na visanduku vyao kwenye uwanja wa soko la ng'ombe Garissa, yeye alisimama nyuma kabisa ya watu, fimbo begani, akitazama mikono yao.

Mwalimu wao alikuwa mtu wa Ukambani, jina lake Mutinda, mfupi, kofia imemfunika masikio. Alifundisha kwa Kiswahili ili wafugaji nao wasikie. Alitoa kidonge cheupe cha kumezwa na ng'ombe, kinene kama kidole gumba, akawapa wanafunzi wakipokezane.

"Hiki ni kauri, kama kikombe cha chai. Ndani mna waya wa shaba mwembamba kama unywele, umezungushwa, na kipande kidogo kuliko punje ya mchele chenye namba yake. Betri hakuna. Kimelala." Akainua fimbo ya manjano yenye kidirisha. "Fimbo hii inatoa mawimbi ya redio. Mawimbi yakikifikia, kinaamka, kinataja namba, kinalala tena."

Akaificha ile kauri mfukoni mwa mwanafunzi mmoja, akaipitisha fimbo juu ya shati. Fimbo ikalia, twiit, na namba zikatokea kidirishani. Watu wakasogea. Diriye hakusogea.

"Tumboni si kuna tindikali, mwalimu?" aliuliza mwanafunzi mmoja wa kike, Fowsiya, mzaliwa wa Garissa hapo hapo.

"Ndiyo maana tukachagua kauri. Ni nzito, inashuka tumbo la pili la ng'ombe, inakaa huko mpaka siku ya kuchinjwa. Haiyeyuki. Sasa niambieni, ina faida gani?"

Mmoja alisema wizi: alama ya moto mwizi huichoma upya juu yake, sikio lenye alama hulikata, lakini kidonge hakifikiwi ila kwa kisu. Fowsiya akasema magonjwa: ng'ombe mgonjwa akionekana sokoni, itajulikana ametoka boma gani, homa izuiwe huko huko. Mwalimu akaongeza kwamba ziko ofisi Nairobi ambazo mlango hufunguka kwa kadi yenye kitu kama hicho.

"Kwa hiyo ng'ombe wangu atafungua mlango wa ofisi?" mfugaji mmoja aliuliza.

"Akifika, mwache aingie. Wako walioingia na akili pungufu kuliko yake."

Watu wakacheka. Diriye akasema kutoka nyuma, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mwalimu. Hii kitu ikisema namba, nani mwingine anasikia?"

"Fimbo peke yake, mzee. Na lazima iwe karibu, kama kiwiko mpaka vidole."

"Nairobi hapana sikia?"

"Haisikii."

"Na wewe unajua aje, na wewe uko hapa?"

Fowsiya akauma ncha ya mtandio wake asicheke.

Kisha mwalimu akatoa sharti. Wiki ya pili watarudi hapo uwanjani na chanjo ya homa ile ile ya mafuriko. Kila ng'ombe atameza kidonge, jina la mwenyewe lifungwe na namba, ndipo achanjwe. Asiyemeza hachanjwi. Na jina litatajwa pale pale kwa sauti, mbele ya watu, asitokee mtu wa kudai baadaye. Wazee wa soko walikuwa wamekubali, kwa kuwa wizi umewachosha.

Diriye alirudi Waberi. Alikuwa anamfikiria Adey.

Adey alikuwa ng'ombe mweupe aliyepewa Abshiro na baba yake, na alikuwa akikamuliwa nyumbani kwa Hawo, mjane wa mtaa huo huo. Hilo lenyewe si ajabu. Huko Garissa mwenye ng'ombe wa maziwa humwazima aliyekosa, alishe watoto, na ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Ila Abshiro alikuwa na namna yake. Mume wa Hawo, utingo wa lori, alipokufa katika njia ya Liboi, Abshiro alingoja wanaume wote wamekwenda kuswali Ijumaa, akampeleka Adey mwenyewe, asiwepo wa kuona kamba ikibadilisha mikono. Tangu siku hiyo hata ndani ya nyumba yake alimwita "ng'ombe wa Hawo". Mtaa mzima ukaamini. Walioujua ukweli walikuwa watatu, na mmoja sasa yuko kaburini.

Abshiro hakuzaa. Mali yake, kwa sheria ya dini, nusu ni ya mume na nusu ni ya kaka yake Barre, mwuza nyama. Mbuzi waligawanywa, hereni ziligawanywa. Adey hakutajwa. Chumba kilikuwa kimejaa watu siku ile, na kumtaja ni kumvua Hawo nguo mbele yao. Diriye alinyamaza, akajiambia atamwona Barre pembeni. Halafu siku zikapita, na kadiri zilivyopita ndivyo neno lilivyozidi kuwa gumu kutoka.

Alasiri moja Hawo mwenyewe akaja, akakaa kizingitini.

"Walaal, ndugu yangu, umesikia habari za kidonge?"

"Nimesikia."

"Wataniuliza ng'ombe ni wa nani. Nikisema wangu, nimekula mali ya marehemu. Nikisema wa Abshiro, wakwe wa Sabirin watakuwa wamesimama pale."

Sabirin alikuwa binti yake, ameposwa na watu wa duka kule Liboi. Wakwe walikuwa wamefika kwa ajili ya harusi, na siku ya kwanza tu walikunywa maziwa ya Adey, wakaisifu nyumba isiyoombaomba.

"Usimpeleke," Diriye alisema.

"Asichanjwe? Wewe, katika watu wote, ndiye wa kuniambia hivyo?"

Hawo alipoondoka, Diriye alijiuliza kwa nini mama huyu ametanguliza neno "wangu". Labda ndilo alilokuja kulipima. Akajichukia kwa kuwaza hivyo, na akaendelea kuwaza.

Kesho yake akaona kingine. Barre ameketi hotelini na mwalimu Mutinda na wanafunzi, ameshika ile fimbo ya manjano, anaipitisha juu ya sahani ya nyama, wote wanacheka. Yote yakajipanga kichwani mwa Diriye: Barre amenusa habari ya Adey, Barre ndiye aliyewaleta watu hawa, fimbo ile itapita juu ya tumbo la ng'ombe na kusema ametoka wapi, alizaliwa kwa nani, amefichwa tangu lini.

Walikutana mlangoni pa msikiti. Barre akamwita seddi, kama shemeji wanavyoitana huko.

"Seddi, una nini na mimi? Siku hizi unanitazama kama mtu aliyeona sumaku chini ya mizani yangu."

"Una shughuli gani na wale?"

"Nawauzia nyama. Mwalimu ni mpenzi wa matumbo."

"Anakuuliza nini?"

"Ananiuliza kama kuna pilipili."

Diriye hakuamini. Mtu asafiri kutoka Ukambani na visanduku, aje aulize pilipili?

Akamtafuta Fowsiya. Alimkuta anaosha bomba refu watakalosukumia vidonge kooni mwa ng'ombe.

"Binti, ile fimbo inajua ng'ombe alikuwa wa nani zamani?"

"Hapana, adeer," alijibu, akimwita ami kwa heshima. "Inajua namba tu. Jina tunaliweka sisi."

"Nyinyi mnalitoa wapi?"

"Kwako. Unalolisema ndilo tunaloliweka."

"Na mtu akisema uongo?"

Fowsiya akafikiri kidogo. "Basi kidonge kitausema uongo huo mpaka ng'ombe achinjwe. Hakina namna nyingine."

Diriye akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Binti alidhani mzee amepatwa na kizunguzungu, akamletea maji. Kumbe mzee ndiyo kwanza ameelewa kwamba kile kitu hakina macho. Alikiogopa kwa kudhani kitafichua. Sasa alikiogopa kwa sababu nyingine: kingeshika neno lake moja na kukaa nalo miaka, yeye akiwa ameshazikwa. Abshiro angelisema nini pale? Alijaribu kuisikia sauti yake, akasikia wanafunzi wakigombania sabuni.

Siku ya chanjo ng'ombe walijazana tangu asubuhi. Walipitishwa mmoja mmoja katika kichochoro cha mbao. Mwanafunzi alishika pua, mwingine akaingiza bomba, kidonge kikashuka, Fowsiya akapitisha fimbo ubavuni. Twiit. "Wa nani?" Jina likatajwa, sindano ikafuata. Barre alikuwa ameegemea mbao, kisu chake kiunoni, anawatazama ng'ombe kwa jicho la kazi yake. Wakwe wa Liboi walisimama nyuma ya Hawo na miavuli yao.

Zamu ya Adey ikafika. Akameza. Fimbo ikalia.

"Wa nani huyu?" Fowsiya aliuliza.

Hawo akageuka kuwatazama wakwe. Barre akageuza kichwa, akamtazama yule ng'ombe mweupe, akamtazama muda mrefu kuliko wengine. Au ndivyo Diriye alivyoona.

"Wa Hawo," Diriye alisema.

Mwalimu akainua kofia. "Mzee, tumemuuliza mama mwenyewe."

"Nimejibu mimi. Ng'ombe ni wa Hawo, na mimi shahidi. Weka jina."

Fowsiya akaliweka. Hawo akavuta shela yake mpaka puani, akabaki macho tu. Wakwe walidhani ni aibu ya mwanamke kuitwa jina hadharani.

Aliyefuata alikuwa mtamba wa Diriye, mwekundu, mimba yake ya kwanza. Katika majike aliokuwa nao kabla ya homa, ni huyo tu aliyebaki. Kidonge kikashuka, fimbo ikalia.

"Huyu wako, adeer. Diriye nani, jina la baba?"

"Barre."

"Jina la baba yako ni Barre?"

"Mwenye ng'ombe ni Barre. Huyo mwenye kisu."

Barre akajitoa kwenye mbao. Kwanza alicheka, alipoona hakuna mwingine anayecheka akaacha. Akaja mpaka kwa mtamba, akamfungua kinywa, akatazama meno. Akamnusa pumzi. Akambonyeza tumbo.

"Ana mimba."

"Najua."

"Ni mgonjwa?"

"Amechanjwa sasa hivi mbele yako."

"Nilikudai kitu?"

"Hukunidai." Diriye akashusha sauti. "Ni haki yako kwa dada yako. Siku ile ya kugawa haikutajwa."

"Haikutajwa." Barre akalirudia neno taratibu, kama anaonja mchuzi. "Dada yangu hakuwa na ng'ombe mwekundu, Diriye. Namjua kila mnyama aliyetoka kwa baba yetu."

Barre akageuka, akamtazama Adey anayetoka upande wa pili wa kichochoro, Hawo ameshika kamba, wakwe wanampisha njia. Akamtazama mtamba. Akamtazama tena Adey mpaka mkia ukapotea nyuma ya lori.

"Binti," akamwambia Fowsiya, "isome tena. Nione kama jina limekaa."

Fimbo ikalia. Fowsiya akasoma namba, kisha jina la Barre, na la baba yake.

Barre akachukua kamba, akatembea hatua chache, akasimama kuangalia kama mtamba anachechemea. Hachechemei. Akarudi nusu ya njia.

"Seddi, nakuambia mapema. Simchinji huyu mpaka unieleze vizuri."

"Basi hutamchinja," Diriye alisema, akaenda kutafuta kivuli.