Nguo ya Mpira Niliyoishona

Mi sipendi kuulizwa habari ya Rubona, lakini kwa sababu mumecheka kabla sijaanza, bora nieleze mwenyewe, maana wengine wanaongeza chumvi.

Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, na mzungu mumoja alikuja Gisenyi kutafuta boti ya Wadachi, yaani Wajerumani, iliyozama katika ziwa Kivu wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Alikuwa na mitungi ya hewa ya kubeba mgongoni na nguo mbili za mpira za kuzuia baridi, moja imepasuka kwenye makalio, basi akaniletea mi, fundi wa cherehani, pamoja na gundi na kiraka, akasema, "Usishone. Bandika." Nikaitikia oui, oui (Kifaransa changu kilikuwa kinaishia hapo), halafu ile gundi nikazibia gurudumu la baiskeli yangu, na nguo nikaipiga cherehani mistari mitatu, muzuri sana.

Jumapili bandari ya Rubona ikajaa watu, na katikati yao Mzee Saidi, baba ya Zaina, muchumba wangu. Mutu wa kuzama na yule mzungu alikuwa na homa, kwa hiyo mzungu akauliza nani atamushikia kamba kule chini, na mi, kwa kuwa Mzee Saidi ananitazama, nikainua mukono.

"Umeisha kuzama na mitungi?"

"Mara nyingi," nikasema. (Mitungi niliyoijua ni ya maji ya kunywa.)

Akanivalisha ile nguo niliyoishona, tukazama, na hiyo boti hata sikuiona. Maji ya baridi yakaingia kwa kila tundu la sindano, nguo ikavimba, nikafungua mudomo nilie na bomba la hewa likaponyoka, nikavuta kamba kama mwehu, wavuvi wawili wakanikokota mpaka ufukoni kama gunia la mihogo. Waliponisimamisha, maji yakaanza kuruka nje kwa makalio, mistari mitatu, sawasawa na mushono wangu.

Mama mumoja muuza samaki akasema polepole, "Mumulete kwa shamba langu, maharagwe iko kavu."

Bandari nzima ikaanguka kwa kicheko.

"Gundi iko wapi?" mzungu akauliza.

"Kwa baiskeli, bwana." Nilitetemeka mno, sikuweza kudanganya tena.

Mzee Saidi hakucheka. Akanifunika koti lake, nikadhani ananihurumia. "Kijana," akasema, "nguo za harusi nitapeleka kwa fundi mwingine."

"Na harusi yenyewe, mzee?"

"Tutaangalia."

Tuliangalia miaka miwili ndipo akanipa Zaina. Siku hizi mutu akiniletea kazi nisiyoijua namwambia sijui, mbele ya watu, na Zaina akiwa pale anasema, "Rudia, baba yangu hakusikia."