Harusi ya Watu Tusiowajua

Deki yetu ya video ikikaa imewashwa kwa muda, ilitoa harufu ya vumbi lililopata moto, kama pasi ya makaa iliyosahauliwa juu ya kitambaa kikavu. Mama aliisukuma kanda ndani kwa kiganja, mashine ikaimeza na kukoroma, mistari myeupe ikapita kwenye kioo, na ndipo watu walipoanza kutembea. Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi Mbooni, upande wa kilima ambao jua la asubuhi lilichelewa kuufikia na mawimbi ya televisheni hayakuufikia kabisa. Mwaka huo karibu kila nyumba yenye umeme kijijini ilikuwa imenunua dishi au deki mpya ya sidii. Sisi tulikuwa na kanda: kanda nyeusi, kubwa, nzito kama kipande cha sabuni ya mche, ambazo hata mwenye duka la kukodisha video kule Tawa alikuwa amezichoka.

Mtu huyo alijulikana kwa jina la Video, na sidhani kama nilipata kulisikia jina lake lingine. Ujana wake wote aliumaliza akipiga picha za harusi, kuanzia Mwingi hadi Kibwezi, akibeba kamera begani kama mtu aliyebeba mkungu wa ndizi. Baadaye alitulia Tawa akafungua duka la kukodisha kanda, na sasa duka lilikuwa linafungwa kwa sababu wateja wote walitaka sidii. Baba na Mama walipita pale siku moja ya soko wakamkuta anapakia. Walirudi na deki iliyofungwa kwa kamba ya katani na gunia zima la kanda, vyote kwa bei ya kuku wawili. Dada yangu Ndanu, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alichungulia gunia akaenda kukaa nyuma ya jiko. Alikuwa amewaahidi rafiki zake kwamba tutanunua dishi.

Baba alikuwa mwashi, na wakati huo alikuwa ameweka nia na akiba yake yote kwenye tangi la maji. Maji tuliyachota kwenye chemchemi bondeni, kwa kijia chenye mteremko mkali kiasi kwamba ukiteleza unayaacha maji juu na wewe unafika chini. Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani pale Kikima, alikuwa ameanza kuumwa na mgongo. "Dishi ni ng'ombe asiyekamwa," Baba alituambia jioni hiyo. "Kila mwezi unamlisha, na maziwa huyaoni. Hii tumeshailipia. Haitatudai tena." Ndanu akauliza kama watu wa dishi wote ni wajinga. Baba hakukasirika. Alisema tu, "Usiache mbachao kwa msala upitao," akaendelea kula muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe.

Shuleni walitucheka. Walisema kwamba kwa kina Ndanu watu wanaangalia matofali, yaani zile kanda zetu. Lakini likizo ya Agosti ilipofika, baridi ya Mbooni ilikaa wiki nzima bila kuondoka, ukungu ukilala juu ya migomba kama blanketi lililolowa, na watoto wakaanza kuja mmoja mmoja. Walikuja kucheka, wakabaki. Sidii zao zilikwaruzika baada ya wiki mbili, zikawa zinakwama mahali patamu, mtu ameinua mguu kupiga teke na mguu haushuki. Kanda zetu zilitetemeka na kukohoa, lakini zilisonga mbele. Tulikuwa na filamu ya mapigano ambayo mwisho wake ulifutika, tukawa tunaumalizia wenyewe, kila siku kwa namna mpya. Tulikuwa na kanda ya chui iliyosimuliwa kwa lugha tusiyoijua, Ndanu akawa mtafsiri. Chui wake walizungumza Kikamba na kugombania mpaka wa shamba. Hapo ndipo nilipojua kwamba dada yangu alikuwa amesamehe.

Kanda tuliyoipenda kuliko zote haikuwa na kibandiko. Ilikuwa harusi. Hatukumjua hata mtu mmoja ndani yake, na pengine ndiyo maana tuliwamiliki wote. Kulikuwa na mwanamume mwenye tai fupi aliyekula mara tatu, kila mara akiwa amekaa na watu tofauti. Kulikuwa na bibi aliyecheza hadi viatu vikamtoka. Kulikuwa na bwana harusi mrefu asiyejua mikono yake aiweke wapi. Na kulikuwa na bibi harusi, mwembamba, mwenye mwanya, ambaye alipopewa nafasi ya kuwashukuru wageni alianza vizuri kama mtu anayesoma tangazo kanisani, kisha akamwona yule bibi anatafuta viatu, akaangua kicheko. Alijaribu kuendelea, akacheka tena. Kicheko chake kiliwaambukiza watu wote waliokuwa pale, na miaka yote hiyo baadaye kilituambukiza na sisi, tumekaa kwenye mkeka, tusiojua hata anaitwa nani.

Muhula wa tatu ulipoanza, tulipata mwalimu mpya wa muda, msichana aliyetoka kumaliza kidato cha nne. Tulimwita Mwalimu Kavindu. Alitoka Tseikuru, mbali kaskazini mwa Kitui, kwenye nchi ya mbuzi na ngamia, na alikaa kijijini kwetu kwa shangazi yake. Baridi yetu ilimtesa. Jumapili moja baada ya ibada alikuja nyumbani ili Mama ampime gauni, akatukuta tumekaa mbele ya harusi yetu. Mama alikuwa anamzungushia utepe kiunoni alipomhisi amekakamaa.

"Nimekufinya, Mwalimu?"

Mwalimu Kavindu alikuwa akimtazama bwana harusi. "Huyo ni baba yangu," alisema.

Sisi tulicheka, tukidhani ni mzaha. Alisogea hadi karibu kabisa na kioo, utepe wa Mama ukimning'inia kiunoni. "Ni baba. Na huyo aliyevua viatu ni susu, nyanya yangu." Kisha kamera ikageuka, bibi harusi akatokea katikati ya wageni, na mwalimu wetu akaketi chini sakafuni kama mtoto. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka miwili. Picha yake aliyowahi kuiona ilikuwa moja tu, ile ndogo ya kitambulisho, ambayo ndani yake kila mtu hufanana na mfungwa. Sote tulikuwa tumemwona mama yake akitembea, akila keki, akirekebisha shela, mara zisizohesabika, na yeye hakuwa amemwona hata mara moja. Kabla hotuba haijafika, umeme ulikatika. Tulisubiri hadi chai ikaisha na haukurudi. Mwalimu alisimama, akapangusa uso. "Mama Ndanu," alisema, "naomba msiiguse. Nitampigia baba simu aje Jumamosi. Nataka niisikie sauti ya mama, baba akiwa hapa."

Mama aliifunga kanda ile kwenye kitambaa, akaiweka juu ya kabati. Nami, siku ya Jumatano, niliishusha. Sina sababu nzuri ya kutoa. Wasichana wawili wa darasa letu hawakuamini habari hiyo, na nilitaka waamini kutoka kinywani mwangu, si kwa Ndanu. Mama alikuwa Kikima, Baba alikuwa kazini. Niliwaonyesha kanisa, nikawaonyesha viatu, na tulipokuwa tunaikaribia hotuba, deki ikakoroma vibaya, picha ikajikunja katikati kama karatasi, kisha kioo kikawa buluu. Nilipobonyeza kuitoa, kanda ilikuja nusu, na nyuma yake ukafuata utepe mwembamba wa kahawia, umekunjamana, ukitoka tumboni mwa mashine kama utumbo wa kuku. Wasichana walitoroka. Nilivuta polepole, nikauzungusha kwa kidole hadi ukaingia, nikafunga kitambaa vilevile kama alivyofunga Mama, nikairudisha kabatini.

Siku mbili zile sijazisahau. Darasani Mwalimu Kavindu alikuwa mtu mpya. Aliimba akifuta ubao, akatuambia baba yake ameuza mbuzi apate nauli na atalala Kitui mjini ili afike mapema. Kila aliponitazama nilijifanya natafuta kalamu. Nilimwomba Mungu anitumie ugonjwa, nikaomba basi la mzee liharibike njiani, kisha nikaogopa dhambi ya ombi hilo nikaliondoa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ijumaa baada ya shule niliteremka hadi Kikima, nikasimama mbele ya cherehani ya Mama hadi akaacha kukanyaga.

"Kuna nini?"

Nilimwambia yote. Nilingojea kofi. Mama alitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kifua cha gauni lake. "Asi!" alishangaa taratibu kwa Kikamba. "Na ulikuwa unangoja nini, mzee afike ndipo useme?" Alifunga duka mapema. Nilimfuata nyuma kwenye kijia cha mlima nikiwa nimembebea mfuko, nikijihisi mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, ingawa hakuna kilichokuwa kimepona bado.

Nyumbani alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akatandika shuka jeupe mezani karibu na dirisha. Kwa bisibisi ndogo ya cherehani alilegeza skrubu tano chini ya kanda, akaifungua kama kitabu. Siku waliyoinunua, aliniambia, alimwona Video akiunga kanda iliyokatika, akamkodolea macho kwa sababu alipenda jinsi mikono yake ilivyofanya kazi. Aliupata mkunjo. Mahali pengine ulinyooka chini ya kidole chake, lakini palikuwa na kipande kama cha urefu wa mkono wangu hadi kiwiko kilichokuwa kimesagika. Alikikata kwa wembe, akanipa nishike ncha moja. "Usipumue juu yake," alisema. Alizikutanisha ncha mbili, akabandika selotepu kwa upande wa nyuma, akapunguza kingo kama anayepunguza pindo la shela. Nilimuuliza kama kile kipande kilichotupwa ndicho kilichokuwa na hotuba. "Sijui," alisema. "Na hatutaijaribu. Ikiharibika, iharibike mbele ya mwenyewe, akiona." Kisha akanitazama. "Lakini utamwambia wewe, si mimi."

Mzee Muli, baba yake mwalimu, alifika Jumamosi adhuhuri kwa bodaboda akiwa amempakata mbuzi jike, na koti lake kubwa lilikuwa na harufu ya moshi na mbuzi. Alikuwa mrefu, na alipoketi hakujua mikono yake aiweke wapi. Hapo nikamtambua. Alitueleza kwamba hakuwahi kuichukua kanda yake kwa mpiga picha. "Tseikuru hatukuwa na stima, wala hatukuwa na deki. Nikasema, kanda ni ya nini? Alipoaga dunia nilienda kumtafuta yule kijana wa kamera, nikaambiwa amehama." Nilisimama mbele yao nikasema nilichofanya. Mwalimu Kavindu aliziba mdomo kwa mkono. Mzee akasema, "Weka tuone kilichobaki, mwanangu."

Mama aliisukuma kanda. Kanisa likaja, viatu vikaja. Niliyafumba macho yangu na kushika mkono wa Ndanu. Nilisikia mlio mkavu, kama mtu anayepasua jani, nikajua mahali palipoungwa panapita. Baadaye Ndanu aliniambia kwamba chenga kama theluji zilijaa kwenye kioo, watu wakatetemeka, na yule mwenye tai fupi akaruka kutoka meza moja hadi nyingine. Tulichopoteza kilikuwa mlo wake mmoja kati ya mitatu, sahani ya pilau. Nikasikia sauti ya mwanamke ikianza kuwashukuru wageni, vizuri, kama anayesoma tangazo. Nikafumbua macho. Alisoma, akatazama pembeni, akacheka. Mzee Muli alicheka naye wakati uleule, kabla yetu sote, kama mtu anayeitikia. Na Mwalimu Kavindu, ambaye tulidhani atalia, alicheka kicheko kilekile, chenye kupanda na kukatika, hadi Mama akasema, "Wasikilizeni! Ni mmoja." Nikakaa chini. Sijawahi tena kupata faraja inayofanana na ile, hata siku ya kupokea matokeo ya mtihani wa mwisho.

Waliondoka na kanda, na Mzee Muli akamwachia Mama yule mbuzi jike, ambaye hakuna aliyemwomba. Mwezi wa Novemba mvua zikanyesha tangi likiwa tayari limesimama kwenye kona ya nyumba, jeusi, na Mama akakinga maji ya bati bila kuteremka bondeni.

Leo naishi Kibwezi, karibu na barabara ya Mombasa, ninakouza mbegu na mabomba ya kunyunyizia mashamba. Sitasema kwamba zamani ilikuwa bora. Mgongo wa Mama haukupona kabisa, na mtoto wangu hajui mtungi una uzito gani, jambo linalonifurahisha. Lakini kwa miaka kadhaa nililipia kila kitu ambacho wengine walikuwa wanakitazama: dishi, bando za simu, filamu za kulipia mwezi kwa mwezi, na kila mwisho wa mwezi kitu fulani kilizimika, nami nikakimbia kukiwasha. Mwaka huu niliacha. Duka moja hapa mjini lilikuwa linatupa sidii zake, nikachukua katoni tatu na deki ambayo kijana wa duka aliona aibu kuitajia bei. Mume wangu alicheka. Sasa ndiye anayezipanga. Mwanangu ana miaka mitano, na alikuwa amezoea simu inayokwama katikati ya katuni ikidai bando. Jioni ya kwanza aliitazama filamu nzima akiwa amekaza mabega, akiisubiri ikatike. Majina yalipoanza kupanda mwishoni aliniuliza, "Mama, na hii bando yake inaisha lini?"

"Haiishi," nilimwambia. "Ni yetu."

Alishusha mabega, akaniomba niiweke tena.