Raundi Bila Shahidi

Asubuhi moja, miaka ya tisini ikielekea mwisho, nilifunga chumba changu mtaani Noonkopir, Kitengela, nikaondoka bila kujua ninakwenda wapi. Mkononi nilikuwa na fimbo moja ya gofu, namba saba, ambayo mchezaji fulani aliitupa ilipopinda. Mfukoni, mpira mmoja.

Hadi jana yake nilikuwa kedi. Wiki nzima tulibeba mifuko ya wenye klabu, na Jumatatu, wao wasipokuwepo, tuliruhusiwa kucheza. Kapteni wa klabu alikuwa akitafuta kedi mmoja wa kupeleka mashindanoni, na atakayeshinda huko angefunzwa kuwa mwalimu wa gofu. Mimi niliachia shule darasa la saba. Mlango mwingine sikuuona. Jumatatu ambayo matokeo yake yangetumika kuchagua kulinyesha, wenzangu wakabaki kibandani na chai yao. Nikazunguka mashimo yote kumi na manane peke yangu. Sijacheza vizuri vile tena maishani.

"Nani alikuona?" kapteni aliniuliza kesho yake.

"Hakuna mtu, mzee."

"Basi hukucheza."

Wenzangu walicheka. "Si ungeenda hata na mbwa!" mmoja akasema.

Kanuni yenyewe niliijua. Nilikuwa nimewaeleza wageni mara nyingi kwamba matokeo yasiyo na shahidi hayahesabiki. Nilivua fulana ya kazi pale pale, nikaiacha juu ya benchi.

Kwa hiyo asubuhi ile, nilipoziacha nyumba za mwisho za Kitengela, niliuweka mpira chini. Nyasi zilikuwa zimeliwa na ng'ombe zikabaki fupi kuliko za klabu. Nilichagua kichuguu, nikapiga kuelekea huko. Nikakifikia, nikachagua mgunga. Nilisema moyoni kwamba raundi hii nitaimaliza na haitamhusu mtu. Nilijidanganya. Kila pigo zuri lilinifanya nigeuke kutazama nyuma.

Jua lilipokuwa kali nilikutana na mchungaji wa Kimaasai, mtu wa rika langu.

"Sopa," nilimsalimu.

"Epa. Hiyo rungu ya chuma ni ya nini?"

"Ya kupiga huu mpira."

"Unaupeleka wapi?"

"Kwa ule mti."

"Halafu?"

"Halafu mti mwingine."

Alicheka mpaka akaegemea fimbo yake. "Ndugu yangu, hata ng'ombe napeleka penye maji! Unashindana na nani?"

"Niko peke yangu."

"Na bado umekasirika hivyo? Nani amekushinda?"

Nilimwomba asimame tu atazame. Nilipiga. Chuma kilitoa ule mlio mkavu ambao kedi huutambua hata akiwa amefumba macho. Mpira ulipanda, ukakaa angani, ukashuka chini ya mti wenyewe.

"Umeona?"

"Nimeona," alisema kwa adabu. Kisha akaniangalia. "Nimeona nini?"

Nilitaka kumweleza. Lakini ningeanzia wapi? Aliwapigia ng'ombe wake mluzi akaenda zake, nami nikabaki na shahidi wangu akipungua taratibu kwenye vumbi.

Karibu na Isinya nilichoka, nikaokota mpira nikapanda lori la mifugo lililokuwa likienda Kajiado. Sikuwa nimewahi kufika huko. Nyuma ya soko nilipata lojingi yenye kuta za kijani.

"Uko na mtu?" mwenye kaunta aliuliza.

"Sina."

"Sawa. Lakini hiyo chuma utaiacha hapa. Wageni wangu wanalala bila silaha."

Nilimpa. Chumbani kulikuwa na kitanda, beseni, na tundu la kutolea maji kwenye kona ya sakafu. Shimo la mwisho, nikawaza. Niliuweka mpira chini, nikachuchumaa niusukume kwa kidole, lakini sakafu ilikuwa imeinama. Ulibingirika wenyewe kabla sijaugusa, ukapita kando ya tundu, ukaingia uvunguni.

Niliuacha huko. Nikavua viatu.