Jina Lililotoka Kwenye Kadi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mdomo wangu hauna breki. Rubondo nzima, hapa kambini kwetu, inalijua hilo. Lakini siku niliyomfuta mwanangu sikuwa na hasira hata kidogo. Niliongea kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Alikuwa na miaka kumi na sita. Ng'ombe wa mtu wa kijiji jirani waliingia kwenye mahindi yetu mara ya tatu msimu ule, naye akampiga mchunga ng'ombe kwa fimbo mpaka mkono ukavunjika. Polisi wakamchukua, mahakama ikampeleka Mbarara, kwenye nyumba wanayofungiwa watoto. Mimi ni mjane. Baba yake waliomuua walimkuta shambani, Kivu ya Kusini, kule Kongo, na ndipo tulipokimbia. Nyumbani nilibaki na mabinti wawili wadogo.

Mwezi wa tatu wa kifungo chake ukaja uhakiki wa kadi. Kwetu wakimbizi kadi ndiyo nyumba. Jina lisilokuwemo halipati unga wala maharage, na halipandi ndege kwenda kuanza maisha nchi ya mbali. Kila aliyeandikwa husimama foleni mwenyewe pale Base Camp, kwenye ofisi za kambi, na kuweka kidole. Wanawake wenzangu wa kanisani walinionya nisitaje kifungo. Walisema familia yenye kesi faili lake la kuhamia ng'ambo halisogei, na letu ndiyo kwanza lilikuwa limeanza kusogea. Niseme kijana amerudi Kongo, kwani watu hurudi kila siku na hakuna anayeuliza. Niliwaamini kwa sababu nilitaka kuwaamini. Karani alipouliza kijana yuko wapi, nikamjibu, "Alirudia Congo." Akapiga mstari juu ya jina, akaenda kwa linalofuata.

Nilijiambia kwamba akitoka nitalirudisha. Nilidhani ni kama kutoa kiti nje na kukirudisha ndani.

Miezi minane baadaye niliitwa kwenda kumchukua. Nilipika ugali wa muhogo na sombe, mboga ya majani ya muhogo aliyoipenda, nikafunga kwenye kitambaa, nikapanda lori la mahindi mpaka Mbarara. Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole. Aliomba kadi, akaisoma juu mpaka chini, akaisoma tena. Mwanangu alikuwa ameshaletwa, amesimama mlangoni na mfuko wake wa nailoni. Alikuwa amerefuka. Suruali ilimwishia juu ya vifundo vya miguu.

"Nyabo, mama, kwa hii kadi kijana hakuna," afisa alisema. "Imeandikwa yeye alirudi Kongo. Sasa mimi napatia nani?"

Nilitafuta la kusema nikaona yote ni uongo mwingine. Mwanangu alisogea, akainama juu ya meza na kuisoma kadi mwenyewe, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Niliona kidole chake kikifika kwenye ule mstari na kukaa hapo. Afisa akamuuliza huyu mwanamke ni nani kwake.

Niseme ukweli, niliogopa kuliko nilivyoogopa siku tuliyovuka mpaka.

"Huyu njo mama yangu," alisema.

Afisa akaandika kwa mkono barua ya kunikabidhi kijana, akatufungulia lango. Tulikula ile sombe tumekaa kwenye jiwe kando ya barabara. Nilimweleza yote: kadi, faili, dada zake, wanawake wa kanisani. Alitafuna huku akisikiliza. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Angenitukana ningejua pa kushika. Aliuliza kitu kimoja tu, lini jina lake litarudi. Nikamwambia wiki hii hii.

Wiki hiyo nilikwenda Base Camp. Nilisimama foleni toka asubuhi, nikakaribia dirisha, nikasikia karani akimwambia mzee mmoja kwamba anayekutwa amedanganya kadi yake yote inasimamishwa mpaka ichunguzwe. Niliwafikiria mabinti. Nikatoka kwenye mstari. Nyumbani nilisema foleni ilikuwa ndefu.

Akaanza kula kidogo. Unga ulikuwa wa watu watatu, naye alijua. Alichota maji kwenye bomba kabla hatujaamka, akajenga upya uzio wa shamba wote, miiba juu ya miiba, asiingie ng'ombe hata mmoja. Watu walikuja kusali nasi kumshukuru Mungu kwa kurudi kwake, nao ni walewale walionipa shauri. Niliwapa chai. Ningeweza kuwafukuza na ningefurahi.

Kisha tukaitwa kwenye mahojiano ya faili. Nilikwenda na mabinti. Bwana aliyetuhoji aliuliza kwa adabu: kama mwanangu aliweza kurudi Kongo na kuishi huko, mimi nazuiwa na nini? Kijana wakati huo alikuwa nyumbani anapalilia maharage. Neno moja tu lingetosha. Nililimeza. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na yangu ilifika mwisho pale kwenye kile kiti. Faili likalala, na mpaka leo halijaamka.

Nilipomsimulia, mwanangu aliendelea kunoa panga.

"Mama, ulibaambia nilirudia Congo," alisema. "Basi niache nirudie. Ile fasi ya kule njo iko na jina yangu."

Nilipiga kelele. Nilimwambia waliomuua baba yake bado wako hai. Nilimshika shati likachanika. Nilisema kesho asubuhi nakwenda kusema kila kitu, na nilimaanisha. Lakini nilikuwa nimeshaisema kesho hiyo mara nyingi. Siku ya soko, nilipokwenda kuuza mihogo, alipanda gari la kuelekea Kisoro, mpakani na Kongo, na ule mfuko wake wa nailoni. Dada zake aliwaachia blanketi.

Mwaka uliofuata uhakiki ulikuja tena. Karani mwingine aliutazama ule mstari, akaniuliza kama kijana bado yuko Kongo. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nina habari zake. Nikasema sina. Sikudanganya hata neno moja. Akanishukuru, akamwita binti yangu aje kuweka kidole.