Kufuli Tatu za Kiti cha Meno

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mmoja wa watu watatu waliosimamia kiti. Hati ya kututeua ilitaja hospitali nzima pamoja na huduma za meno, lakini hati hiyo iliandikwa wakati hospitali ilikuwa bado na vitu vya kusimamiwa.

Ilikuwa hospitali ndogo ya mtaa wetu hapa Likasi, upande wa reli, iliyojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi na familia zao. Mimi nilikuwa mtunza ghala katika karakana moja huko Shituru. Katika miaka hiyo ya tisini ghala lilikuwa na rafu nyingi na vitu vichache, kwa hiyo nilipata nafasi ya kusoma. Nilisoma chochote kilichochapishwa: maelezo ya mashine, vitabu vya afya, kamusi ya Kifaransa isiyo na jalada wala herufi za mwisho. Nadhani ndiyo sababu nilichaguliwa kuwa karani wa komite. Mtu anayeonekana na kitabu hupewa kazi ya kuandika, kama vile mtu anayeonekana na ngazi hupewa kazi ya kupanda.

Prezida wetu alikuwa mkuu wa stesheni aliyestaafu, Mkatoliki wa misa ya asubuhi. Makamu alikuwa mama muuza unga na mikate ya kukaanga, kiongozi wa kikundi cha maombi katika kanisa la Kipentekoste. Prezida alifungua kila kikao kwa Baba Yetu, na makamu alikifunga kwa maombi yake mwenyewe, ambayo kwa kawaida yalikuwa marefu kuliko kikao.

Daktari wa meno alikuwa ameondoka kwa treni, katika majira yale ambapo watu wenye asili ya mkoa mwingine waliambiwa warudi kwao. Yeye huko kwao hakukujua. Alizaliwa nyuma ya soko letu, na vinywa vya nusu ya mji vilikuwa vimepita mikononi mwake. Alikaa stesheni na familia yake akingoja behewa. Prezida wetu alikuwa bado kazini wakati huo, na ndiye aliyepeperusha bendera treni ilipoondoka. Hakupenda kulizungumzia jambo hilo. Tulipoandika Lubumbashi kuomba daktari mwingine, alitaka tuseme tu kwamba wa kwanza “hayupo kwa sasa.”

Baada ya daktari, vitu navyo vilianza kuondoka. Vitanda vilikwenda, nyaya za shaba zikafuata, kisha kile chungu kikubwa cha chuma cha kuchemshia vyombo vya wazazi. Habari ilitufikia kwamba chungu kiko mtaa wa pili na kinapika lutuku, pombe kali ya kienyeji, tena lutuku safi sana. Kilichobaki ni kiti cha meno: chuma kizito, ngozi ya kijani, kanyagio la kukipandisha, na taa yenye mkono mrefu. Kilibaki kwa sababu kilikuwa kimefungwa kwa bolti kwenye saruji na watu wanne hawakuweza kukitikisa. Sisi tuliona kimebaki kwa sababu ya usimamizi.

Ndipo prezida alipoleta utaratibu wa reli. Kwenye reli ya njia moja, alitueleza, treni haiondoki stesheni mpaka dereva ashike mkononi fimbo ya ruhusa, na fimbo ni moja tu, kwa hiyo treni mbili haziwezi kukutana katikati. Aliamini kwamba utaratibu huo ungeweza kuokoa nchi nzima, lakini kwa kuanzia angeridhika na chumba cha meno.

“Mwizi iko na mikono mbili,” alisema. “Siye tutakuwa na funguo tatu.”

Tulipiga kura. Mlango ulitiwa kufuli tatu, kila mmoja wetu akapewa ufunguo wa kufuli yake. Ufunguo haukuruhusiwa kuazimwa wala kupita mkononi mwa mtu mwingine. Ndani tulifungia kiti, kabati la koleo za kung'olea, na chupa ndogo za dawa ya ganzi zilizosalia.

Yupo mtu mmoja aliyekuja kulalamika: msaidizi wa daktari wa meno. Alikuwa amefanya kazi kando ya kiti kile tangu ujana wake, na koti lake jeupe alilipiga pasi na kulivaa hata akienda sokoni. Aliomba aruhusiwe kung'oa meno. Prezida alimjibu kwa upole kwamba kiti cha daktari kinangoja daktari.

“Bien, prezida,” alisema msaidizi. “Minye nitangoja.”

Hakutusumbua tena. Tuliona ni mtu mwenye nidhamu.

Kila Jumamosi tulifanya ukaguzi. Prezida alifungua kufuli ya juu, makamu ya katikati, mimi ya chini, na hatukuwahi kubadilisha mpangilio huo. Prezida aliketi kwenye kiti, akakanyaga kanyagio, akapanda, akashuka, kisha akajaribu taa. Umeme wa maporomoko ya Koni ulikuwa unakuja kwa hiari yake, na siku taa ilipowaka prezida alifurahi kana kwamba maporomoko yale aliyapanga yeye. Halafu makamu aliketi, halafu mimi. Vinywa vya komite vilikaa chini ya taa ile, vyote vimefumbwa.

Kiti hakikuwa na vumbi hata kidogo.

“Munaona?” prezida alisema, akipitisha kidole kwenye ngozi. “Kintu yenye kuchungwa, hata vumbi inaiogopa.”

Mara nyingine chumba kilinukia karafuu na spiriti. Prezida alitueleza kwamba harufu ya kazi hubaki ukutani. Stesheni yake ilinukia makaa miaka mingi baada ya magari ya moshi kwisha. Nilikuwa nimesoma jambo kama hilo mahali, sikumpinga. Katika kipindi hichohicho makamu alitoa ushuhuda kanisani kwake kwamba jino lililomtesa kwa muda mrefu lilikuwa limemtoka kwa nguvu za Mungu. Nilikuwa nimealikwa siku hiyo. Nilipiga makofi.

Kisha mke wangu akaanza kuumwa na jino.

Kwetu jino halikuwa jambo dogo tena. Fundi mmoja wa mtaani aliumwa na jino la chini, uvimbe ukashuka shingoni, akashindwa kumeza, tukamzika. Uvimbe wa mke wangu ulianza mahali palepale. Alisukutua kwa maji ya chumvi, akauma karafuu. Homa ilipompanda nilimtafutia lutuku aishike mdomoni. Aliitema.

“Kama hii balipikia mu ile chungu ya lopitali,” alisema, “basi nishatunzwa.”

Asubuhi iliyofuata hakuweza kufungua kinywa zaidi ya upana wa kijiko. Aliongea kwa meno yaliyofungwa, na maneno yalitoka yamebanwa, lakini yalitoka.

“Baba komite, weye iko na funguo. Iko mu mufuko, naiona.”

“Niko na moja. Kufuli ni tatu.”

“Na minye jino inaniuma ni moja tu. Unaona venye sikusumbui?”

Nilikwenda kwa prezida. Alisikitika kwa dhati, akautoa ufunguo wake, uliokuwa umening'inia kwenye mnyororo ambao zamani ulibeba filimbi. Alikuwa tayari hata kuruhusu koleo moja na chupa moja ya ganzi zitoke zimfikie msaidizi. Lakini makamu hakuwapo.

“Alienda wapi?” niliuliza.

“Mu maombi.”

Wote tulijua alikuwa Shinkolobwe, kwenye mgodi uliopigwa marufuku, anawauzia mikate wachimbaji.

“Tutume muntu amwite,” nilisema. “Kule Shinkolobwe.”

“Shinkolobwe ilifungwa, karani. Hakuna bantu kule.”

“Prezida, hata mutoto yako iko kule.”

Aliangalia mbingu kidogo. “Naye eko mu maombi.”

Kwa kuwa haikuwezekana kutuma ujumbe mahali pasipo na watu, nilichukua baiskeli nikaenda mwenyewe. Mahali pale pasipo na watu palikuwa na watu wa kutosha kufanya soko: wachimbaji waliopakaa udongo mpaka kwenye nyusi, wauza maji, wauza sigara, na lori zikingoja magunia. Makamu alikuwa amekaa nyuma ya karai la mafuta.

“Nani alikuambia niko huku?” aliuliza.

“Hakuna muntu, mama.”

“Bon. Unataka nini?”

Nilimweleza. Aligeuza mkate mmoja kwenye mafuta, akaugeuza tena ingawa ulikuwa umeiva.

“Uvimbe iko upande gani?”

“Wa chini, kuume. Unaanza kushuka.”

“Rudia kwako, ndugu karani. Pengine Mungu ameshafungua.”

“Mungu hakupewa funguo, mama. Tulipiga kura.”

Alinitazama kama mtu anayetazama baiskeli iliyotoboka matairi yote mawili. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, niliuona uzi wake, lakini wala yeye hakunipa wala mimi sikumwomba. Kila kufuli na mkono wake.

“Basi ngoja nimalize unga,” alisema.

Nilingoja. Mchimbaji mmoja aliyekuwa anakula alinishauri: “Papa, kama uko na haraka, saidia kula.” Nilikula mikate mingi kuliko nilivyotaka, huku nikifikiria shingo ya yule fundi. Hatimaye tulipanda juu ya lori, makamu, karai lake, baiskeli yangu na magunia. Tulipoingia mjini sirene ya Shituru ilikuwa inalia kutangaza zamu mpya. Iliendelea kulia kwa saa zake miaka yote ile, ingawa wa kuingia zamu walikuwa wachache na mshahara wao haukuwa na saa.

Nyumbani kitanda kilikuwa kitupu. Jirani yetu alikuwa uani anatwanga majani ya sombe.

“Mama alienda lopitali,” alisema bila kuacha mchi.

“Na nani?”

“Na miguu yake.”

“Chumba cha meno kimefungwa.”

“Ndivyo munasemaka.”

Sikuwa na nafasi ya kuuliza zaidi. Nilimwona akilini ameanguka mbele ya mlango wenye kufuli, mojawapo ikiwa yangu. Tulimchukua prezida, tukaenda haraka kadiri umri wake ulivyoruhusu. Mbele ya mlango hapakuwa na mtu. Nilitaka kuanza na kufuli yangu, lakini prezida alinishika mkono. Juu kwanza. Halafu katikati. Mimi nilikuwa wa mwisho.

Mlango ulifunguka. Taa ilikuwa inawaka. Mke wangu alikuwa amelala kwenye kiti, pamba shavuni, amefumba macho, na jino lake lilikuwa ndani ya kifuniko cha kopo la maziwa. Msaidizi wa daktari, ndani ya koti lake lililopigwa pasi, alikuwa anafuta koleo kwa spiriti.

“Bonsoir, komite,” alisema.

Mke wangu alifumbua jicho moja, akatoa pamba. “Mulikawia.”

Prezida aliitazama kufuli iliyokuwa mkononi mwake, kisha akakitazama kiti.

“Mulipita wapi?”

Mke wangu alinyoosha kidole kwenye dirisha. Hatukuwahi kulikagua; utaratibu ulitaja mlango. Kioo kilikuwa kimekwenda zamani na mahali pake paliwekwa bati, na bati hilo sasa lilikuwa limesogezwa pembeni kwenye msumari wake mmoja, kwa wepesi wa kitu kilichozoea kusogezwa. Ukutani chini ya dirisha kulikuwa na alama za viatu, vya wakubwa na vya wadogo, mpya juu ya zile za zamani. Kiti hakikuweza kupita hapo. Watu waliweza.

“Tangu lini?” prezida aliuliza.

“Prezida, mulisema ningoje,” alijibu msaidizi. “Nilikuwa nangoja. Mu kule kungoja, bantu bakakuya.”

“Bantu gani?”

“Hiyo ni siri ya kazi.” Kisha akamgeukia makamu kwa heshima. “Mama, ile yako ya juu ilipona bien?”

Makamu alikuwa anaichunguza taa kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza.

“Mungu anatumiaka mikono ya bantu,” alisema.

Mke wangu alicheka, akajishika shavu. “Mutaa muzima balijua,” aliniambia. “Minye balinificha, juu niko muke ya komite. Leo jirani aliona nitakufa na heshima yako.”

Kwa kuwa wajumbe wote tulikuwapo, prezida alitangaza kwamba kikao kimefunguliwa. Alisahau Baba Yetu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kufuli zilikuwa nzima. Kiti kilikuwa kizima. Kwa kila kifungu tulichokipitisha, usimamizi haukuwa na kosa. Nilisema kwamba sasa tungeweza kuacha mlango wazi, na msaidizi afanye kazi akiingia kama watu wengine.

 Prezida alikuwa anatazama mahali koti la daktari lilipokuwa likitundikwa. Msumari bado ulikuwapo.

“Hapana,” alisema. “Mulango iko ya mwenyewe. Siku akirudia, ataikuta kama aliiacha.”

 Alilisogelea dirisha, akachungulia nje na kuangalia chini.

“Lakini hii iko juu sana,” alisema. “Mama muzee anapandaka namna gani?”

Jumamosi iliyofuata alileta mataruma mawili ya zamani ya reli kwenye mkokoteni. Tulichimba, tukayalaza moja nyuma ya lingine kama ngazi chini ya dirisha, na mke wangu, shavu lake likiwa limeshuka, alipanda na kushuka kuyajaribu, akasema yanafaa. Kisha tukazunguka mbele, tukafungua kufuli zetu, juu, katikati na chini, tukaketi kila mtu kwa zamu yake. Kiti hakikuwa na vumbi.