Rangi ya Kucha Chini ya Sahani

Nakumbuka siku moja ambayo hata nikizeeka mara mbili sitaisahau, mwanangu, na leo imenirudia nilipokuona unatia sahani ya melamini kwenye maikrowevu.

Nilikuwa bibi harusi wa miezi mitatu hapa Tandika, nina sahani mbili tu, yangu na ya baba yako. Mama mkwe akatuma salamu kwamba anakuja kutoka Masasi kuniona. Nikakimbilia kwa jirani, Bi Zuhura, kuazima. Yeye alikuwa na dazeni ya melamini zenye maua ya waridi, na mtaa mzima ulioa, ukafiwa na ukafuturu kwa sahani zile. Chini ya kila moja alitia tone la rangi ya kucha, nyekundu, zisipotee shughulini. Alinipa zote, akasema tu, "Zirudi kumi na mbili, mwanangu. Jumamosi namwoza binti yangu Mwajuma."

Basi lake likachelewa, pilau ikapoa. Mie kwa akili zangu nikaiteleka sahani ya mkwe juu ya makaa, na pilau yake ndani, ipate moto. Kitu kigumu vile nilidhani ni ndugu yake sufuria. Ikafura kama andazi, ikawa nyeusi, harufu ikafika Mbagala. Mama mkwe alikula kwenye nyingine, akasifu mapishi, nami natabasamu, ile nyeusi nimeificha.

Asubuhi nikaenda sokoni, nikapata ya waridi, nikaipaka tone langu, nikaichomeka katikati ya rundo na kupeleka. Bi Zuhura akazihesabu kwa kuzipindua, anagusa kila alama. Ya saba, kidole kikanata.

"Hii imepakwa leo," akasema.

Nikainama. Nikamwambia ile yake niliiweka jikoni ikaungua.

Alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. Halafu akaacha kucheka. "Ungeniambia imeungua, ningekucheka tu, yakaisha. Sasa kila nikikuazima itabidi nipapase. Unataka tuishi hivyo, mwanangu?"

Nikamletea ile nyeusi, nikamwomba radhi. Aliifanya kifuniko cha ndoo ya maji kwa miaka, na kila nikipiga hodi na shikamoo, aliigonga kwanza kwa ukucha ndipo aitikie marahaba. Lakini Jumamosi ile, mbele za watu, vyombo vyote vya harusi alinikabidhi mie. Nililinda sahani zile kuliko askari wa benki.

Baadaye shule ya jioni ikanifumbua macho. Mwalimu alisema melamini huumbwa kiwandani kwa joto na mgandamizo, ikishakuwa ngumu haiyeyuki tena kama ndoo ya plastiki. Ukiipeleka motoni inafura na kuungua. Ndiyo hiyohiyo imepakwa juu ya mbao za kabati lako la jikoni, ndiyo maana hung'aa na kupanguswa kirahisi. Nilirudi nyumbani siku hiyo najiona profesa.

Kwa hiyo, mwanangu, melamini ni ya kupakulia na kulia. Usiitie kwenye maikrowevu, usiiteleke, usiisugue kwa stilwaya. Na ukiharibu cha mtu, mpelekee hichohicho kilichoharibika, kabla hujatafuta rangi ya kukificha.

Mungu akujaalie nyumba isiyokosa wageni, jirani asiyechoka kukuazima, na kila utakachorudisha, akipindue asinate kidole.