Fataki Moja ya Diwali

Mume wangu ni Muhindi aliyezaliwa hapa Butembo, mashariki mwa Kongo. Duka lao la misumari na mabati liko mtaa wa Kimemi. Mimi ni Munande, kabila la wenyeji wa hapa. Binti yetu alikuwa na miezi saba Diwali yake ya kwanza, sikukuu yao ya taa, ilipofika. Mama mkwe alipanga vitaa vya udongo madirishani, akaacha mlango wa mbele wazi ili baraka iingie.

Mama yangu alikuwa akiishi nasi tangu alipokimbia shamba lake upande wa Beni, majirani zake walipouawa na waasi kwa mapanga. Aliviangalia vile vitaa akasonya.

"Kule kwetu, nyumba yenye ilikuwa na mwangaza ndiyo balianza nayo."

"Lakini mama, tukifunga mulango, baraka itapita wapi?" mama mkwe akamuuliza.

"Kwenye baraka inapita, panga nayo inapita."

Tulicheka. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi tukacheka.

Tulikuwa tumekubaliana hakuna fataki, maana Butembo hata tairi ikipasuka mtaa mzima hukimbia. Lakini jua lilipozama mume wangu alianza kunibembeleza: "Moja tu, chérie. Ya mutoto." Nikasema haya. Mjinga ni mimi.

Ililipuka uani. Majirani walipiga kelele, milango ikabamizwa. Nilipogeuka, mkeka alipokuwa ameketi mtoto ulikuwa mtupu, na mama yangu hayupo.

Niliwakuta chini ya kitanda. Mama alikuwa amemlalia mtoto, kiganja chake kimemziba mdomo na pua. Vile vijiguu vilikuwa vikirusha mateke, kisha vikaacha.

"Mama, ni fataki! Mwachilie!"

Hakunisikia. Nilimpiga usoni. Nilimvuta nywele, mama yangu mzazi. Mwishowe nikaung'ata ule mkono, nikauma mpaka damu ikanijaa mdomoni, ndipo ukaachia.

Mtoto alikuwa kimya. Nilimpulizia usoni, nikampiga mgongoni, huku nikimwita Bikira Maria na mama mkwe akiwaita miungu wake. Mara akakohoa, akalia kwa hasira. Sijawahi kupenda kilio namna ile. Na sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mama dakika ile.

"Ulitaka kumuua mutoto wangu!"

Alikuwa ameketi sakafuni, damu ikidondokea kitenge chake. Alinitazama bila haraka.

"Na wewe nilikuziba vile vile, mu migomba, siku batu ba bunduki balipita karibu. Ulikuwa mudogo sawa yeye. Ndiyo maana leo uko na meno ya kuniuma nayo."

Mama mkwe alikwenda mwenyewe kufunga mlango. Mimi nikaleta maji ya chumvi, nikapiga magoti, nikamwosha mama mkono.